Mwanaima Hasalimiwi

Siku ya kutia mbegu, Mwanaima binti Shaib hasalimiwi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Kwemdimu, kijiji cha wakulima kilicho jirani na Maramba, tangu enzi za bibi yake aliyemrithisha kazi hiyo. Akipita njiani watu humpisha na kutazama chini, hata wawe na neno la kumwambia linalowakaba koo. Mkwe hamwamkii, mjukuu hamwambii shikamoo, na yule aliyegombana naye jana hupata siku moja ya kupumzika.

Kila shamba la Kwemdimu lilikuwa na pembe yake ya kibla, na kwenye pembe hiyo ndiko lilikochimbwa shimo la kwanza. Mwanaima alitia punje kinywani, akazizungusha kwa ulimi mpaka zikalainika, kisha akainama, akazitema shimoni na kuzifukia kwa kisigino. Hapo ndipo mwenye shamba na watu wake walipoinua majembe. Yeye alikwenda shamba la pili, na la tatu, mpaka alipolimaliza bonde zima. Watu walisema ana mkono, ingawa kwa haki wangesema ana kinywa.

Ukimya ulikuwa kwa ajili ya ndege. Kanga na kwale wana masikio, na tumbili pia, na nguruwe mwitu ndio usiseme. Mtu akimsalimia mtia mbegu naye akaitikia, sauti yake inakwenda kuwaonyesha mbegu ilipo. Anayetaka kucheka na acheke, lakini waliowahi kuamka wakakuta kanga wamefukua shamba zima, mstari kwa mstari, hawacheki.

Ukimya ulianza pale mbegu ilipoteremshwa darini, na ulikuwa na mlango wake wa kutokea. Jioni, kazi ikiisha, Mwanaima alisimama mbele ya nyumba yake mwenyewe akapiga hodi kama mgeni. Aliyekuwamo ndani aliitikia karibu. Baada ya hapo ulimwengu ulifunguka tena, watoto wakamkimbilia na shikamoo zao, wanawake wakamjia na maneno waliyoyalimbikiza tangu jana, na yeye alikaa barazani akayapokea yote, maana alikuwa mpenda watu na mpenda habari. Kunyamaza kutwa nzima kulimchosha kuliko kuinama.

Sasa sikiliza mambo ya serikali ya kijiji. Ilikuwa miaka ile ya katikati ya themanini, ukame umepita na kuacha watu wamebaki macho na meno. Sabuni ilikuwa hadithi, na kaniki mpya ilikuwa jambo la kuitana kwenda kulitazama. Watu walikula unga wa njano wa msaada mpaka wakausahau ule mweupe. Kamati ya kijiji ilikuwa hodari wa maazimio, na laiti maazimio yangeliwa, Kwemdimu wote wangevimba mashavu. Mwenyekiti wake, Idarusi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika watu wengi mwaka mmoja na alikuwa ameapa kutozika tena kwa njaa, na mtu aliyeapa hivyo ni wa kuogopwa.

Kutoka wilayani likaja agizo, na kamati ikalifanya sheria ndogo ya kijiji: kila kaya itapanda mbegu mpya ya chotara, peke yake, kwa mistari. Kunde na mihogo haitachanganywa tena na mahindi. Mbegu ya kienyeji, ile nyeupe yenye doa la zambarau, itakusanywa na kusagwa ili isije ikaichafua mpya. Idarusi alipita nyumba kwa nyumba na gunia. Kwa Mwanaima aliingia mwenyewe, akapewa kiti, akalieleza agizo.

"Hii nimeitia tangu sijavunja ungo," Mwanaima alimwambia, akiangalia mahindi yake yaliyoning'inia darini, meusi kwa moshi. "Na hiyo mpya nani ataitia?"

"Wewe, bibi. Kinachobadilika ni mbegu tu. Mkono ni ule ule."

Mwanaima alifikiri, kisha akayateremsha mwenyewe kwa mti wa ndoana, akamjazia gunia. Alimwonea huruma. Na ukweli ni kwamba alifurahi kuambiwa kwamba mkono ni ule ule, kwa sababu tangu agizo lilipokuja alikuwa akijiuliza kama kijiji bado kitamhitaji.

Mbegu mpya ilichelewa, kama kila kitu kilichosafiri kwa lori la ushirika wakati ule. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuanza. Lori lilipoonekana mchana likipanda kilima, Mwanaima alikuwa kwenye mihogo yake. Mbegu ilikuwa imeingia kijijini, basi alifunga kinywa chake hapo hapo, kama desturi ilivyotaka, akarudi nyumbani na kukaa ndani. Kwa hiyo hakuwa kwenye mkutano wa alasiri.

Kwenye mkutano alisimama bwana shamba, kijana wa Kibondei aliyeitwa Ernesti, mpole, mwenye viatu vilivyochoka kwa njia za kata nzima. Alifungua mfuko mmoja na kuwaonyesha. Punje zilikuwa nyekundu ya waridi, rangi ya kucha za bibi harusi.

"Rangi hii ni ya kuwatahadharisha," alisema. "Mbegu imetiwa dawa kali ya wadudu. Haioshwi ikaliwa. Kuku hapewi. Mtu asiitie mdomoni hata kwa mzaha, na mkono ulioishika uoshwe kwa sabuni."

Watu walicheka waliposikia neno sabuni. Wanawake waliokaa nyuma hawakucheka, walitazamana. Miongoni mwao alikuwapo Samiha, binti wa pekee wa Mwanaima, aliyekuwa akiishi na mama yake tangu mumewe alipokwenda kutafuta kazi na kupotelea huko. Alikuwa amemzika mwanawe mchanga mwaka wa njaa. Aliponyanyuka nusu, Idarusi aliuliza kama kuna swali, na macho ya mkutano yote yakamgeukia. Kusema kinywa cha mtia mbegu mbele ya mgeni, tena mwanamume, tena mbegu ikiwa imekwisha kuingia kijijini, hilo halikuwahi kufanywa na mtu. Samiha alikaa. Alijiambia kwamba Idarusi amesikia, atalitengeneza. Idarusi alijiambia kwamba Samiha amesikia, atamwambia mama. Ernesti alipanda lori akaenda na mbegu vijiji vya mbele.

Nyumbani, Samiha alimkuta mama yake amekaa kitandani, kimya, tayari. Alimwangalia mpaka machozi yakamlenga. Neno moja lingetosha. Lakini tangu azaliwe hakuwahi kumsemesha mama yake mbegu ikiwa imeshuka, na ndani ya neno hilo moja aliliona kaburi dogo la mwanawe, na kanga wakifukua. Mwishowe alichota maji katika beseni akaliweka karibu na mfuko wa mbegu alioletewa mama yake, iwe ishara kwamba kuna cha kuoshwa. Alfajiri Mwanaima alilikuta lile beseni, akayatawadhia, akamshukuru kwa macho.

Alizunguka bonde zima siku ile. Watu walitazama chini kama walivyofunzwa, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa na haja ya kuona kinywa chake. Lakini mate yanaonekana hata na aliyeinamisha kichwa, na katika kila shimo la pembe ya kibla yaliachwa mate mekundu. Kila mwenye shamba aliyaona. Kila mmoja alidhani kwamba jirani yake aliyetangulia ameona pia na ameridhika, basi akainua jembe.

Mwanaima aliona uchungu wa ile mbegu tangu shamba la kwanza. Kufikia nusu ya bonde ulimi ulikuwa umekufa ganzi na ardhi ilikuwa ikipanda na kushuka. Alidhani ni saumu, maana siku ya kutia mbegu tumbo lake halikuwa la kutiwa kitu. Alidhani ni uzee. Kudhani kwamba kijiji kizima kimejua na kunyamaza, hilo halikumpitia akilini.

Jioni Samiha alikuwa ndani, nyuma ya mlango uliorudishwa, akingoja hodi ili aseme karibu. Alisikia hatua za mama yake, nzito, zikiburuta. Zikasimama. Kwenye upenyo wa chini aliona kivuli cha miguu. Alingoja. Akasikia ukucha ukikwaruza ubao, taratibu, toka juu kwenda chini, kisha tena. Hodi haikuja. Na bila hodi hakuna karibu, mlango haufunguliwi, siku haifungwi. Alisimama na mkono kwenye komeo, jasho likimtoka, akisikia pumzi upande wa pili ikichemka kama chungu. Ni kivuli kilipolala chini ndipo alipofungua, na mama yake akamwangukia miguuni na povu jekundu mdomoni.

Walimbeba kwa machela mpaka barabarani, na gari la shamba la mkonge likamfikisha hospitali. Alikaa huko mpaka mahindi yalipofika magotini. Hakufa. Alirudi amekonda, na koo lake halikuwa na sauti. Alifungua kinywa na kilichotoka kilikuwa upepo.

Aliposhuka garini walikuwapo watu njia panda, watu waliomjua tangu walipokuwa wakibebwa. Alitabasamu, akawanyooshea mkono. Walimpisha na kutazama chini. Mwanzoni hakuelewa, kisha alielewa: hakuwa amepiga hodi. Siku ya kutia mbegu ilikuwa bado haijafungwa, na yeye alikuwa hana cha kuifungia.

Kuna jambo alilolisikia kabla ya kuliona. Alipokuwa akipanda kilima kuelekea nyumbani, aligundua kwamba hasikii kitu. Asubuhi za Kwemdimu zilikuwa na kelele za kanga vichakani na kwale wakigombana. Sasa kulikuwa na majani ya mahindi tu, yakisuguana. Pembeni mwa njia kulikuwa na manyoya, mengi, yenye madoadoa. Kwenye uwanja wake mwenyewe hapakuwa na kuku hata mmoja. Mahindi yalisimama bondeni yote kimo kimoja, kana kwamba yamekatwa kwa kamba, na hakuna jani lililotobolewa na mdudu.

Watu waliyatazama mahindi yale, wakasikiliza ule ukimya, wakajumlisha. Mtia mbegu hajasema, ndege hawajasikia. Haijapata kutokea. Laiti angekuwapo mtu wa kuwakumbusha dawa ya Ernesti wangekubali pia, maana hawakuwa wajinga. Lakini mtu aliyeshinda na njaa haiachi sababu moja kwa kuwa amepata ya pili, anazishika zote mbili. Ernesti mwenyewe alipopita kukagua, aliambiwa kwamba kuna mama mmoja aliumwa akapona. Aliyasifu mahindi akaenda zake.

Sauti ilimrudia Mwanaima mwanzo wa kiangazi, kisimani, alipokuwa peke yake. Alikohoa, na nyuma ya kikohozi likatoka neno. "Maji," alisema, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa mbele yake. Aliishika shingo yake kwa mikono miwili. Alilisema tena. Kisha akaiacha ndoo hapo, akaenda nyumbani karibu na kukimbia, mwanamke wa umri ule, akicheka peke yake.

Alisimama mbele ya mlango wake. Ndani, Samiha alikuwa akipuliza moto, pumzi zake zilisikika.

"Hodi," Mwanaima alisema.

Kupuliza kukakoma.

"Hodi wenyewe."

Alisikia moto ukilia, na kijiti kikivunjika chini ya unyayo wa mtu anayejaribu kusimama bila kelele. Alibisha mara ya tatu kwa sauti ya juu zaidi, akidhani labda sauti yake bado ni upepo na ni yeye tu anayeisikia. Kisha akausukuma mlango. Samiha alikuwa amesimama katikati ya chumba, viganja vyote viwili juu ya kinywa chake, macho yakimtiririka.

Idarusi alikuwa amepita kwa wanawake wote, na kwa Samiha zaidi ya mara moja. Hakumtisha. Alikaa kwenye mkeka akamwambia, "Mwanangu, mimi sikuamuru. Nakuomba tu. Mpaka mahindi yaingie ghalani. Wewe unajua njaa ilitoka na nini katika nyumba hii." Samiha alijua. Alimpenda mama yake kuliko roho yake, na alimwacha akibisha.

Mahindi yaliingia ghalani, mengi hata yakalala nje chini ya makuti. Kwemdimu ilikula ugali mweupe na kukesha kwenye ngoma. Mwanaima aliendelea kupiga hodi kila jioni, maana sasa mavuno yamekwisha. Idarusi alisema tungoje vuli ipandwe, isije ikatuharibikia tukiwa tumeanza vizuri. Na watu walikuwa wamekwisha kuzoea. Hicho ndicho kinachotia hasira ukikifikiri: hawakumchukia. Walimpelekea unga na dagaa, wakaviweka barazani na kuondoka kwa adabu kubwa.

Mwanamke asiyesalimiwa anajifunza mambo. Alijifunza kwamba watoto wanaiga upesi, wakaanza kumpita kama wanavyoupita mti. Alijifunza kwamba sahani yake ilikuwa ikiwekwa kando kidogo ya mkeka. Siku ya Idi watu waliokuwa wakipeana mikono walifika mbele yake, mikono ikamruka, ikaendelea upande wa pili. Jioni moja alimsikia Samiha akimwambia jirani, "Mama alikuwa akipenda kunde," naye amekaa pale pale, anachambua hizo kunde. Alianza kujichungulia katika ndoo ya maji, asubuhi, kuhakikisha. Sura ilikuwamo, lakini alijiuliza kama maiti naye hajioni. Alijaribu kukumbuka kama aliruhusiwa hospitali akatoka kwa miguu yake, na hakuweza kukumbuka mlango. Alikumbuka kitanda, kisha gari. Kilichompa hofu zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumuuliza.

Vuli watu walipanda punje walizozihifadhi kutokana na yale mavuno makubwa, maana ndivyo mkulima afanyavyo: anachagua gunzi zuri, anatundika, anapanda. Mtia mbegu hawakumhitaji, kwa fikra zao mbegu ilikuwa bado imetiwa. Mahindi yakaota kila moja na akili yake. Huku refu lisilo na gunzi, huku fupi lenye gunzi la meno mawili matatu, na jingine jekundu ambalo hakuna aliyejua limetoka wapi. Na kanga walirudi, wakafukua.

Ernesti aliwaeleza, na alieleza vizuri. "Mzee mwenyekiti, chotara haijirudii. Mtoto wake hafanani naye. Kila msimu ni lazima ipatikane mpya." Walimsikiliza wakaitikia kwa vichwa. Mwezi uliofuata alihamishiwa wilaya nyingine, na kamati ikakaa bila yeye. Iliamua kwamba mbegu mpya itanunuliwa, kwani biashara ilikuwa imekwisha kufunguliwa na huko Maramba kulikuwa na mfanyabiashara anayeileta. Iliamua vilevile kwamba kuna mtu amemwitikia Mwanaima kwa siri. Katika sheria ndogo za kilimo, chini ya kifungu cha kupanda kwa mistari, pakaongezwa kifungu kimoja: ni marufuku kwa mkazi yeyote kusalimiana na mtia mbegu hadi itakapotangazwa na kamati. Kilipitishwa kwa mikono juu. Samiha, aliyekuwa ameolewa upya na ana mimba, aliunyanyua mkono wake pamoja na wenzake.

Masika yakafika. Asubuhi ya kupanda walikuja kumchukua Mwanaima. Hawakumwambia kitu, walisimama uwanjani tu, wengi, mpaka akatoka. Walimfuata nyuma kwenda shamba la Idarusi, ambalo safari hii ndilo lingeanza. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, na hapakuwa na sauti ila ya miguu kwenye majani mabichi. Mwanaima alitembea mbele ya watu wote wale na alijua, kwa mgongo wake, kwamba hakuna hata mmoja anayemtazama.

Kwenye pembe ya kibla shimo lilikuwa tayari. Idarusi alikuwa ameshika bakuli jeupe, mikono yake ameivika mifuko ya nailoni. Ndani ya bakuli kulikuwa na punje za rangi ile ile ya waridi. Pembeni, juu ya jiwe, kulikuwa na ndoo ya maji na mche wa sabuni, sabuni ya kweli, ya dukani, kwa ajili ya watakaokuwa wameishika.

Mwanaima aliitazama sabuni kwanza. Aliitazama mifuko mikononi mwa Idarusi. Aliitazama mbegu, na ulimi wake ukafa ganzi kabla haujaguswa na kitu. Ndipo lilipomfungukia lile ambalo mwaka mzima halikumpitia akilini. Walijua mwaka jana. Wanajua sasa. Wamekuja kumlisha sumu na wameleta sabuni ya kujioshea.

Idarusi alilisogeza bakuli karibu na kinywa chake. Machoni mwake mlikuwa na kitu kama ombi.

Mwanaima alichota gao moja kiganjani. Watu walishusha pumzi. Kisha akamnyooshea Idarusi kiganja, mpaka kwenye midomo yake, akangoja. Idarusi alirudi nyuma hatua. Alimnyooshea aliyesimama pembeni yake, naye akarudi nyuma. Alikwenda nao hivyo, mmoja mmoja, kiganja wazi kama mtu anayekaribisha wageni halua, na mduara ukawa unapanuka mbele yake. Alipomfikia Samiha aliushusha mkono. Samiha alikuwa na tumbo kubwa. Mwanaima aliyafuta macho yake kwa bega, akazimwaga punje chini, akaenda akaosha mikono kwa ile sabuni, taratibu, mpaka kwenye viwiko.

"Asalamu alaikum," alisema.

Baadhi yao walikuwa hawajaisikia sauti ile tangu msimu wa kabla ya uliopita, na waliruka. Ilikuwa imekwaruzika, lakini ilikuwa ni yake. Kila mmoja pale alikuwa Mwislamu na alijua kwamba salamu ni hiari na kuitikia ni wajibu. Alifundishwa hilo chuoni kabla ya kufundishwa herufi. Midomo ilicheza. Mwalimu wa madrasa, aliyekuwa katikati yao, alifumba macho. Idarusi alitazama mahindi yasiyokuwa yamepandwa bado.

"Asalamu alaikum," Mwanaima alirudia, na safari hii aliwapitia kwa macho, uso kwa uso, akiwangoja. Alitaka sana waitikie. Angewasamehe wote kwa neno moja, hata lingesemwa kwa kunong'ona, hata na aliye mdogo kuliko wote.

Ukungu ulikuwa ukipanda. Hakuna aliyesema.

Mwanaima alitikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la jambo lililomhangaisha muda mrefu. Hofu yote ya zile asubuhi za ndoo ilimtoka, akatulia. Aliiweka kanga yake vizuri kichwani, akainua viganja viwili usawa wa kifua, akawasalimia salamu ya kuingilia makaburini.

"Asalamu alaikum, enyi watu wa makaburini. Nyinyi mmetutangulia, na sisi, Mungu akipenda, tutawafuata."

Akavipitisha viganja usoni, akageuka, akashika njia inayotoka bondeni. Mtu mmoja alianza kulia nyuma yake, mwanamume. Mwanaima alikuwa amefika kwenye mpaka wa shamba aliposikia sauti ikipasuka katika ule ukimya, nyembamba, ya mtu aliyekuwa ameizuia tangu zamani.

"Waalaikumu salaam, mama."

Mwanaima aliisikia. Aliijua, sauti ya tumbo lake mwenyewe. Mkono wake ulinyanyuka kutafuta pa kushika. Lakini mtu aliyewasalimia wafu akasikia kuitikiwa hageuki nyuma. Aliongeza mwendo, akapita kisimani, akapita njia panda, akaenda.